Felicitas na misukule ya kompyuta ya Nyabiyonza

Printa imenyamaza. Felicitas Kokuhirwa analisikia jambo hilo kabla hajaambiwa na mtu. Mlio wa printa ile ni kero kwa kila anayefanya kazi katika ghala hili la zamani la kahawa, isipokuwa yeye. Ukikatika ghafla, huinua kichwa hata akiwa katikati ya sentensi.

Leo yuko katikati ya chai. Anaweka kikombe dirishani, anajipangusa mikono kwenye kitenge na kuelekea kwenye mashine kubwa iliyo pembeni. Kabla hajafika, karani wa kwanza ameshaanza kulalamika kwamba skrini yake imeganda. Wa pili anabonyeza kitufe kilekile tena na tena, kwa hasira, utadhani anatwanga kisamvu.

"Usiipige, mwanangu," Felicitas anamwambia. "Haijakukosea kitu."

Sauti yake ni tulivu. Anakosea neno la siri la msimamizi, anarudia, anakosea tena. Anavuta pumzi na kuandika polepole, herufi moja moja, na safari hii mashine inamkubali.

Nje, chini ya upenu, foleni imezunguka ghala mpaka kwenye migomba ya jirani. Ni Novemba 1995, mwaka wa pili tangu umati wa Wanyarwanda uvuke mpaka na kuijaza Karagwe makambi. Wengi walio kwenye foleni wametoka huko makambini. Wachache ni wakulima wa huku waliookota mtoto njiani, wakamlea, na sasa wanataka kujua ni wa nani.

Wote wamekuja na swali la namna moja, nalo linajibiwa na kompyuta. Ni mashine ya mfumo wa Unix iliyoletwa na shirika moja la misaada, ikaunganishwa kwa nyaya na vituo vinne vya makarani. Ndani yake mna majina zaidi ya elfu nane ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Mzazi anataja jina dirishani, karani analiandika, mashine inasaka. Mtoto akipatikana, anaingia kwenye orodha ya safari na lori linakwenda kumchukua.

Lori lenyewe limekwisha kuja. Dereva wake, Saleh, mzaliwa wa Tanga aliyeoa Kayanga na kusahau kurudi, amesimama mlangoni akitazama mawingu yanayokusanyika juu ya kilima cha Rugu.

"Dada Feli, kile kilima kikilowa mimi sipandi," anasema. "Si kiburi. Juzi kimenirudisha kinyumenyume nikiwa na mahindi. Leo nakwenda kubeba watoto."

Felicitas anaitikia kwa kichwa bila kugeuka. Anajua zaidi ya hayo. Kituo cha watoto cha Rugu kinafungwa, na hii ndiyo safari ya mwisho ya lori. Mtoto ambaye hatachukuliwa leo atahamishiwa mkoa mwingine, na kumpata tena itakuwa ni kuanza upya. Kituo nacho hakimtoi mtoto bila orodha iliyochapwa, kwa sababu wamewahi kutokea watu waliojifanya wajomba.

Watoto kumi na mmoja wamepata wazazi asubuhi hii. Makarani wameyaona majibu kwa macho yao kwenye skrini. Wazazi wameambiwa, wamelia, wameshukuru, na wengi wao wameshika njia kurudi kambini kutayarisha mahali pa kulala. Lakini printa ilikuwa ikichapa kazi za jana, na orodha ya leo haijachapwa hata mstari mmoja.

Mmoja hakuondoka. Anaitwa Mukakalisa, mwanamke wa makamo mwenye fulana ya sufi mikononi, ndogo, ya rangi ya kijani. Alimfumia mwanawe Celestin. Ameketi juu ya gunia karibu na mlango na kila mtu akipita anamuuliza.

"Mashine imekufa?"

"Haijafa, mama," anajibiwa.

"Basi mbona haisemi?"

Felicitas amezaliwa Nyakasimbi, katika nyumba ya mkulima wa ndizi na kahawa. Kompyuta hakuzisomea. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Kayanga mpaka ofisi ilipopunguza watu, akarudi nyumbani na watoto watatu na mashine ya taipu iliyokosa herufi mbili. Mume alikuwa amekwisha fariki. Kwa karibu mwaka mzima alilima mashamba ya watu.

Shirika lilipotafuta mtu wa kutunza kompyuta, lilitaka mwenye cheti. Hakupatikana aliyekuwa tayari kuishi Nyabiyonza. Fundi wa shirika, Athanasi, akakaa na Felicitas wiki chache, akamfundisha alichoweza, akamwachia kitabu kinene cha Kiingereza na kurudi Mwanza. Tangu hapo wanafundishana kwa simu ya upepo, hewa ikiruhusu.

"Nilikuwa nakisoma kile kitabu na kamusi pajani," anasema. "Ukurasa mmoja jioni nzima. Watoto wakaniambia, mama, sasa unasali kwa kitabu gani?"

Kwa kawaida husimulia hayo akicheka. Leo hacheki. Anaandika amri fupi, ps, ambayo humwonyesha kila kazi inayoendelea ndani ya mashine. Anaiandika kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa naye hana kingine. Nafasi za kazi katika mashine zina kikomo, na leo karibu zote zimejaa. Mfumo humbakizia msimamizi chache za mwisho, na kila amri anayotoa inakula moja kwa muda.

Skrini inajaa mistari. Mbele ya mistari mingi, karibu yote, ipo herufi moja: Z.

"Mungu wangu," anasema kwa sauti ndogo.

Anakwenda kwenye simu ya upepo. Inakoroma, inapiga miluzi, kisha sauti ya Athanasi inatokea kwa mbali kutoka Mwanza. Felicitas anamsomea anachokiona.

"Hizo ni zombi," Athanasi anasema. "Nakupata vizuri. Zombi. Hazidhuru zenyewe, zinaziba nafasi tu. Ova."

Karani aliye karibu anageuka na macho yakimtoka. "Zombi si ndiyo misukule, dada?"

Neno lile linatoka dirishani kabla halijakanushwa. Baada ya muda mfupi foleni nzima inalo: mashine ya pale ndani inafuga misukule. Mama mmoja anamwondoa mwanawe ukutani. Mzee mmoja anasema alijua tangu zamani, haiwezekani chuma kijue majina ya watoto wa watu. Wapo wanaoanza kujiondoa. Saleh anawapigia kelele warudi, kwamba Felicitas ni Mkristo wa kila Jumapili na hana muda wa uchawi, lakini maneno yake yanawachekesha wachache tu.

Felicitas mwenyewe hulieleza jambo hilo hivi: "Karani akiuliza jina, ile kazi mama ya mashine inazaa kazi ndogo. Kazi ndogo inakwenda kusaka. Ikimaliza, inakufa, na hiyo ni kawaida yake. Ila kabla haijaondolewa kabisa, kazi mama lazima iulize imemaliza vipi, ipokee jibu. Isipopokea, ile ndogo inabaki. Imekufa, lakini bado imeshikilia nafasi. Nafasi zikijaa, hakuna kazi mpya inayozaliwa, ndipo unaona skrini zinaganda."

Na kuiua haiwezekani. "Utaiua mara ngapi? Imeshakufa."

Athanasi anajua dawa. "Tazama mama yao ni nani," anasema hewani. "Kama wote wana mama mmoja, muue huyo. Misukule yote itachukuliwa na kazi kuu ya mfumo na itafutwa. Mashine itapumua. Ova."

"Na orodha ya safari? Ova."

Simu inakoroma. Felicitas anadhani hewa imekatika. Kisha Athanasi anasema, polepole: "Orodha ya asubuhi imo kichwani mwa huyo mama. Haijaandikwa kwenye diski. Ukimuua, inakwenda naye. Pole, dada. Tazama kwanza kama kuna kinachomzuia. Ova."

Felicitas anaweka simu chini. Anarudi kwenye kiti chake na kuhisi macho yote mgongoni. Anayo dawa mkononi, ya kuandika neno moja na namba moja. Mashine itaamka, watu wa foleni watahudumiwa, na watoto kumi na mmoja watabaki Rugu. Wazazi wao wameshatawanyika vilimani. Nani atawakimbilia kuwaita warudi kutaja majina upya kabla ya mvua?

Saleh anapiga honi, mara moja, kama mtu anayeomba radhi.

Felicitas anaanza kusoma mistari. Kila kazi ina namba yake na namba ya mama yake, na katika safu ya pili namba ni moja tu, inajirudia kutoka juu hadi chini. Mama ni mmoja. Hilo halimshangazi. Anachotaka kujua ni kwa nini mama huyo ameacha kupokea.

Anaikumbuka programu ile jinsi Athanasi alivyoiandika. Inapokea majibu kwa zamu, aliyetangulia ahudumiwe kwanza, hakuna kuruka foleni. Jibu la mbele lisipopokewa, yote ya nyuma yake yanangoja kuingia kwenye orodha, hata yakiwa yameshaonekana kwenye skrini. Kwa hiyo tatizo si misukule yote hii. Ni mmoja tu, yule wa mbele kabisa.

Na hapo anaanza kuogopa kwa namna nyingine, kwa sababu anajua jibu la aina gani linaweza kuchelewa kupokewa. Aliyetaka lichelewe ni yeye mwenyewe.

Mwaka jana, wiki ya kwanza ya kazi, karani mmoja alimsomea baba mmoja jibu lake palepale dirishani: mtoto amefariki. Yule baba alikuwa amesimama peke yake, mvua inamnyeshea. Hakulia. Alishukuru, akageuka, akaingia migombani, na hakuonekana tena hata kuuliza mwanawe amezikwa wapi.

Felicitas hakulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Kwao Wanyambo, kama kwa majirani zao wa ng'ambo ya mto, habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama peke yake. Hutafutwa mkubwa wake au mtu wa karibu naye, anaketishwa, ndipo anaambiwa. Akamwomba Athanasi aibadili programu. Mtoto akiwa hai, jibu lionekane mara moja. Akiwa amefariki, skrini isiseme kitu ila maneno mawili, "Jibu lipo," na iulize jina la mpokeaji, yaani mtu atakayeketi na mwenye msiba. Jina lisipoandikwa, jibu lisifunguke.

Makarani akawapa amri moja isiyo na mjadala: msiandike jina lolote mpaka mwenye msiba ameketi na ana mtu wake.

Ilikuwa amri nzuri. Watu waliisifu, na wageni wa shirika waliotembelea ghala waliiandika katika taarifa zao. Kwamba ingeweza kuifunga mashine nzima, si yeye wala Athanasi aliyewaza. Kwa kawaida mpokeaji hupatikana haraka, foleni ya ndani ikafunguka, na misukule ikafutika bila mtu kujua ilikuwepo. Zilikuwepo asubuhi ambazo mashine ilizubaa kidogo kisha ikachangamka. Felicitas alizilaumu dizeli na jenereta.

Sasa anatafuta namba ndogo kuliko zote zenye herufi Z. Anaipata juu kabisa ya skrini, ilianzishwa asubuhi sana, kabla dirisha halijafunguliwa kwa watu. Hilo peke yake linamshtua, kwa kuwa saa hiyo hakuna mzazi aliyekuwa ameuliza chochote. Pembeni ya namba kuna jina la karani aliyeiomba kazi hiyo.

Kampire.

Kampire yuko kituo cha tatu, mgongo umenyooka, mikono juu ya meza. Ni binti wa miaka ishirini na kidogo, mkimbizi mwenyewe, aliyeajiriwa kwa ajili ya Kinyarwanda chake na kwa mwandiko wake mzuri. Hapigi kelele, hachelewi, hajawahi kuomba ruhusa. Walipokuwa wanavuka mpaka alipotezana na mdogo wake wa kiume kwenye msongamano. Kila mtu ghalani anajua hilo. Kila yakiingizwa majina mapya, hulijaribu jina lake kwanza, na kila mara mashine humwambia hayupo.

Jana jioni yaliingizwa majina mapya.

Felicitas anasogea, anasimama nyuma yake. Kituo kimoja kina skrini nne za kuhama kwa kitufe, na inayoonekana sasa ni ya kazi ya kawaida, iliyoganda kama za wenzake.

"Skrini zako nyingine zina nini, Kampire?"

"Hazina kitu, dada."

"Niruhusu nione."

Kampire haruhusu wala hakatai. Felicitas ananyoosha mkono juu ya bega lake na kubonyeza. Ya pili tupu. Ya tatu tupu. Katika ya nne kuna jina, Fidele, na chini yake jina la baba na la kijiji walichotoka. Halafu maneno mawili, na mahali patupu pa kuandika mpokeaji.

Jibu lipo.

Karani yeyote wa pale anajua maana yake. Kampire ameijua tangu asubuhi. Ameijua akiwahudumia watu, akiwaambia mama mmoja baada ya mwingine kwamba mtoto wako yuko Rugu, yuko salama, jiandae. Mukakalisa alihudumiwa naye.

"Kwa nini hukuniambia?" Felicitas anauliza, na hapo hapo anatamani asingeuliza.

"Amri ni yako, dada," Kampire anajibu bila kugeuka. "Ulisema tusiandike mpaka mtu awe na mtu wake. Mimi hapa sina mtu."

Karani wa pili, yule wa hasira, ameziba mdomo kwa viganja. Matone ya kwanza yanaanza kugonga bati.

Felicitas amekiri baadaye kwamba aliwaza kuandika jina lake mwenyewe palepale na kuyamaliza. "Ni vitufe vichache tu," anasema. "Lori linanguruma, watoto wanangoja, na mimi nimesimama juu ya bega la binti wa watu. Nikajiambia, fanya, atakusamehe. Halafu nikamwona yule baba wa mwaka jana. Ningemfanyia huyu yaleyale, tena nikiwa mimi ndiye niliyekataza."

Badala yake anavuta mkeka ulio nyuma ya kabati, ule wanaoketishwa wafiwa. Anautandika sakafuni kando ya kituo cha tatu na kuketi yeye kwanza.

"Njoo ukae, bojo," anamsihi, kwa lile neno la Kinyambo la kubembeleza ambalo makarani humsikia akiwaambia watoto wake.

Kampire anatikisa kichwa. "Nikikaa utaandika."

"Sitaandika bila wewe kusema."

"Ukiandika atakuwa amekufa."

"Kuandika kwangu hakumuui mtu, Kampire. Lililotokea limeshatokea. Limekukuta uko peke yako tangu asubuhi, na mimi nipo hapa nakunywa chai." Anasogea kumpa nafasi. "Hukusema, lakini ningepaswa kukutazama. Nikubalie niwe mtu wako."

Mlangoni, Saleh amekuja kusema kitu kuhusu mvua. Anaona mkeka, anaona nyuso, anavua kofia yake na kuikunja mkononi.

Anayeingia ni Mukakalisa. Hakuna aliyemwita. Hajui habari ya mashine, lakini mkeka anaujua, kila aliyewahi kusimama kwenye foleni ile anaujua na kuuogopa. Anaweka ile fulana ya kijani juu ya gunia, anakuja na kuketi upande wa pili, anamshika Kampire mkono na kumvuta chini taratibu huku akimsemesha kwa Kinyarwanda. Kampire anashuka kutoka kitini. Ameketi katikati yao, magoti pamoja.

Wanakaa hivyo. Mvua inaongezeka. Anayetazama saa ya ukutani ni Felicitas, na anajichukia kwa kuitazama.

"Wale wa Rugu wanaikosa safari kwa ajili yangu?" Kampire anauliza mwishowe.

Felicitas anasita. Angeweza kumdanganya. "Wamekwama nyuma ya jibu lako. Lakini usiandike kwa ajili yao. Kama hujawa tayari, namwambia Saleh aende, na tutatafuta njia nyingine."

"Ipo njia nyingine?"

"Sijui."

Kampire anamtazama Mukakalisa, kisha anaitazama ile fulana juu ya gunia.

"Andika jina lako, dada," anasema. "Lakini usinisomee. Nitasoma mwenyewe."

Felicitas anainuka kwa magoti na kuandika kwenye kile kiboksi kitupu: Felicitas Kokuhirwa. Anabonyeza. Kisha anageuza uso ukutani, kama alivyoombwa.

Jibu ni mistari mitatu. Fidele aliokotwa na familia ya wakulima, akakaa kwao, akaugua homa kali wakati wa masika, akafariki. Amezikwa shambani kwa hao waliomlea, hapa hapa Nyabiyonza, mahali mtu anapoweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

"Mana yanjye," Kampire anasema, Mungu wangu, na anainama mpaka paji la uso linagusa mkeka.

Pembeni, katika mashine, herufi Z zinaanza kupungua. Kazi mama imepokea la kwanza, inapokea la pili, la tatu, na foleni nzima iliyoziba tangu asubuhi inateremka kwenye skrini ya Felicitas bila yeye kuitazama. Skrini za makarani zinafunguka. Printa inaanza kulia, kwa nguvu ile ile isiyojua msiba.

Karani wa pili ndiye anayeichana karatasi, anahesabu majina kwa kidole, yote kumi na moja yapo. Anamkimbilia Saleh nayo ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nitapanda," Saleh anasema. "Hata kwa kusukumwa."

Lori linaondoka. Felicitas halisikii. Amerudi mkekani, na wanawake kutoka kwenye foleni wameanza kuingia mmoja mmoja, wengine wakiwa bado na namba zao za zamu mikononi, wanaketi. Hakuna tena anayetaja misukule.

Jioni lori linarudi na matope mpaka kwenye vioo. Kilima kilimshinda Saleh mara mbili, na mara ya tatu vijana wa Rugu walimsukuma. Watoto wanateremshwa mmoja mmoja na kusomwa majina. Mukakalisa anasikia jina la Celestin akiwa bado ameketi na Kampire. Anamwangalia Kampire kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Nenda, mama," Kampire anamwambia. "Anakungoja."

Fulana haikumtosha. Mtoto amekua.

Felicitas alikaa na mwandishi wa makala haya siku ya pili yake, macho mekundu, kikombe cha chai mkononi. Anayo mipango, na anaitaja kwa haraka, kama anayehofu itamponyoka. Athanasi ameahidi kuibadili programu ili jibu moja lisilopokewa lisiyazuie mengine. Mashine iendelee na kazi zake, na orodha iandikwe kwenye diski kila mara jina linapoingia. Anatamani pia siku moja apelekwe Mwanza kusoma, aache kutegemea simu ya upepo na bahati ya hewa.

Amri yake ya wafiwa hataiondoa. Ila ataiongezea kitu, na anasema hilo ndilo linalomkera usiku na mchana kwamba hakuliona mapema: makarani nao wataulizwa. Kila yakiingizwa majina mapya, kabla dirisha halijafunguliwa, mwenye ndugu anayemtafuta atakaa na mwenzake ndipo aulize.

"Niliwafikiria wa nje tu," anasema. "Wa ndani niliwaona kama makarani."

Kampire amepewa mapumziko. Jumamosi Felicitas atakwenda naye kwa ile familia iliyomlea Fidele, na ameshawatumia ujumbe ili wasishtuke. Anaogopa safari hiyo. Anaogopa pia kwamba binti yule hataweza tena kuketi mbele ya skrini na kuwaambia wengine habari njema.

Anaulizwa: na Jumatatu je, unatarajia atarudi kazini?

Felicitas anazungusha kikombe, anakitazama kituo cha tatu ambacho hakuna aliyekikalia.

"Kiti chake kipo. Akija nitaipokea shikamoo yake kama kila siku, simuulizi kitu. Asipokuja," anasema, "nitamfuata."